Edward Sokoine: Aliyesaka nyenzo za Vita vya Kagera

Anayefika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, huona gharama ya Vita vya Kagera kwa macho yake. Gharama nyingine haina makaburi, nayo ni ya fedha, malori na chakula. Leo tunamkumbuka mtu aliyebeba mzigo huo, Edward Moringe Sokoine.

Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938. Mwaka 1965 Wamasai walimchagua kuwa mbunge wao. Mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na Februari 1977 Waziri Mkuu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula. Yaliteka eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mkoa wetu ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, na mjini Bukoba watu waliishi kwa hofu ya mabomu.

Jeshi la watu wapatao 40,000 lilipaswa kukua haraka. Mgambo, polisi na magereza waliongezwa, likapita watu 100,000. Wote walihitaji kula, kuvaa na kusafirishwa, na bajeti ya wakati wa amani isingetosha. Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye kila nyenzo, za jeshi na za raia. Malori na mabasi yakaenda vitani, wananchi wakachanga ng'ombe na chakula.

Kampala ilianguka Aprili 1979. Lakini vita vilikuwa vimeigharimu nchi takriban dola milioni 500 za Marekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta ilikuwa ikipanda. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na foleni za sukari, sabuni na nguo zikaendelea.

Sokoine aliacha uwaziri mkuu mwaka 1980, akarudi Februari 1983. Safari hii adui alikuwa uhaba wenyewe. Aliendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wengi walimshangilia, ingawa watu walianza kukamatwa kabla Bunge halijapitisha sheria ya kuwashughulikia.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma, alifariki katika ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45.

Mkoa wetu ulikombolewa kwa damu ya waliolala Kaboya, na pia kwa sukari na sabuni ambazo familia nchi nzima zilizikosa kwa miaka. Sokoine aliwadai wananchi mchango wa vita, kisha akarudi kupambana na uhaba uliofuata. Tunapomsikia mbunge akitetea fungu la ulinzi, tuulize pia nani atalilipia, na kwa muda gani.