Dk. Leader Stirling: Mpasuaji wa Mnero aliyefika Baraza la Mawaziri

HISTORIA ya tiba ya kisasa kusini mwa Tanzania haiwezi kuandikwa ikakamilika bila kulitaja jina la hayati Dk. Leader Dominic Stirling. Ni daktari wa upasuaji aliyezaliwa Uingereza, akaishi na kufanya kazi miongoni mwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, akawa raia wa nchi hii, mbunge na hatimaye Waziri wa Afya.

Leo, wakati hospitali kubwa nchini zinajivunia upasuaji wa kutumia matundu madogo, maisha yake yanastahili kutazamwa upya. Swali lililomsumbua kwa miaka mingi lingali hai: utaalamu wa upasuaji utamfikiaje mgonjwa aliye mbali na mji, na nani afundishwe kuufikisha huko?

Stirling alizaliwa Januari 19, 1906, huko Finchley, London. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1935 akaja Tanganyika kama daktari wa misheni ya Waanglikana iliyojulikana kwa kifupi cha UMCA. Alipangiwa Lulindi, katika Dayosisi ya Masasi, iliyokuwa ikiongozwa wakati huo na Askofu Vincent Lucas.

Jimbo la Kusini lilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyosahauliwa na serikali ya kikoloni. Barabara zilikuwa chache, na masika yalipoingia nyingi kati ya hizo zilikatika. Mwenye henia iliyojisokota, mama aliyeshindwa kujifungua kwa siku mbili au tatu, mkulima aliyejeruhiwa na mnyama mwitu, wote walibebwa kwa machela wakitumaini kufika wakiwa hai. Yalikuwapo pia mabusha, ugonjwa ulioenea mno katika ukanda huo, ambao tiba yake ya uhakika ilikuwa kisu.

Katika mazingira hayo daktari mmoja alilazimika kuwa kila kitu. Stirling alipasua matumbo, akaunga mifupa, akazalisha, akatibu macho na kusimamia dawa. Hapakuwa na mtaalamu mwingine wa kumpelekea mgonjwa aliyemshinda. Kosa lilikuwa lake, na ushindi ulikuwa wa hospitali nzima.

Hata hivyo, kilichomtofautisha na madaktari wengi wa zama zake ni uelewa wake kwamba mikono miwili haiwezi kuhudumia jimbo zima. Mapema kabisa alianza kufundisha vijana wa Kiafrika, wanaume kwa wanawake, kazi ya uuguzi. Hakuridhika na wasaidizi wa kufunga vidonda na kufagia wodi. Alitaka wauguzi wenye mafunzo kamili, wenye kutambuliwa na serikali, wanaoweza kusimama naye katika chumba cha upasuaji na kubaki na wagonjwa pale yeye asipokuwapo. Wapo Wazungu wa wakati huo walioona hilo ni jambo la haraka mno. Kwake lilikuwa jambo lililochelewa.

Mwaka 1949 maisha yake yalichukua mkondo mpya. Aliingia Kanisa Katoliki, hatua iliyomlazimu kuiacha UMCA na hospitali aliyoijenga kwa zaidi ya muongo mmoja. Lakini hakuiacha Kusini. Alihamia kwa Wabenediktini, akapewa kazi katika misheni ya Mnero, wilayani Nachingwea.

Alifika Nachingwea katika kipindi cha kishindo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga mwaka 1947, na matrekta yalikuwa yakifyeka mapori. Reli ilijengwa kutoka Mtwara, na bandari yenye kina kirefu ikachimbuliwa. Mamilioni ya pauni yaliteketea, na mwaka 1951 mpango huo ukafutwa. Reli nayo iling'olewa baadaye.

Hospitali ya Mnero haikuwa na mamilioni, lakini ilibaki. Wagonjwa walitoka Nachingwea yenyewe na upande wa Ruangwa, eneo ambalo leo ni wilaya inayojitegemea yenye kata kama Malolo. Kwa miaka 15 Stirling alipasua, akajenga na kufundisha wauguzi hapo. Tofauti ya miradi hiyo miwili ni somo tosha: mmoja ulitanguliza mashine, mwingine ulitanguliza watu wa kuifanya kazi.

Siasa nayo ilimkuta Mnero. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU, baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, iliamua kushiriki na kuwaunga mkono wagombea wasio Waafrika waliokubaliana na madai ya uhuru. Stirling aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa njia hiyo, na alibaki mwakilishi hadi mwaka 1980.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, madaktari wazalendo hawakuzidi ishirini. Wazungu wengi walifunga mizigo yao. Stirling alichukua uraia. Mwaka 1963 mambo mawili yaliyoendana na fikra zake yalianza: Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, iliyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili cha leo, na mafunzo ya madaktari wasaidizi, yaani matabibu wenye uzoefu waliopewa ujuzi wa ziada, ukiwamo wa upasuaji wa dharura.

Mpango huo wa pili haukupewa sifa nyingi, lakini ndio uliookoa maisha vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya upasuaji mkubwa wa uzazi ulifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakupishana sana na ya madaktari wenye shahada.

Mwaka 1964 Stirling alihamia Hospitali ya Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, alikofanya kazi hadi 1969. Mwaka 1975 Rais Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya.

Huo haukuwa wakati mwepesi. Azimio la Arusha lilikuwa limeelekeza fedha za umma vijijini, na wizara ilitakiwa kujenga zahanati na vituo vya afya badala ya hospitali kubwa za mijini. Wakati wa uhuru nchi ilikuwa na vituo vya afya 22. Kufikia mwaka 1980 vilikuwa zaidi ya 200. Mwaka 1978, mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata ulipotangaza afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima, Tanzania ilikuwa tayari imeshaianza safari hiyo.

Lakini majengo hayatibu yenyewe. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikaadimika, na vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 hadi 1979 vikaikausha hazina. Zahanati nyingi zikawa na kuta na mhudumu, bila dawa. Ni katika kipindi chake pia, mwaka 1977, sheria ilipiga marufuku hospitali za binafsi za kibiashara, huku za mashirika ya dini zikiruhusiwa kuendelea. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991. Wanaompima Stirling kama waziri hawana budi kuyaweka yote hayo kwenye mizani.

Aliondoka wizarani mwaka 1980. Mwaka huohuo, mjini Kiel, Ujerumani, daktari Kurt Semm aliondoa kidole tumbo kwa njia ya matundu madogo, jambo lililowachukiza baadhi ya wenzake walioliona kuwa mchezo wa hatari. Miaka mitano baadaye, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akaondoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo. Enzi mpya ilikuwa imeanza.

Katika upasuaji huo tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kamera nyembamba hupitishwa kwenye tundu karibu na kitovu, na vifaa virefu huingizwa katika matundu mengine. Mgonjwa hupata maumivu kidogo, kovu dogo, na hurudi kazini mapema. Kwa mkulima wa korosho au ufuta, siku hizo chache zinaweza kuwa msimu mzima.

Ugumu uko kwa daktari. Haoni kiungo kwa macho yake bali kwenye skrini, na mkono wake hauhisi kama ulivyozoea. Ndiyo maana mafunzo huanzia kwenye visanduku vya mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa. Tena, damu ikivuja au umeme ukikatika, hulazimika kulifungua tumbo kwa njia ya zamani. Asiyeujua upasuaji wa akina Stirling hastahili kuaminiwa na ule mpya.

Tanzania imepiga hatua. Muhimbili inatoa huduma hizo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 inazibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua, na Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kimewawezesha madaktari kupata ubingwa wakiwa katika hospitali za ukanda huu. Mtwara nako, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023, ikiwapunguzia wagonjwa wa Lindi na Mtwara safari ya Dar es Salaam.

Bado, kutoka Malolo hadi Mtwara ni safari ndefu kwa mwenye tumbo linalouma. Mashine inaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja. Fundi wake, mtoa usingizi wake na muuguzi wake hufundishwa kwa miaka.

Stirling, aliyekuwa pia Skauti Mkuu wa Tanzania, aliandika vitabu vya maisha yake, kikiwamo Tanzanian Doctor cha mwaka 1977. Alifariki dunia Februari 7, 2003, akiwa na umri wa miaka 97. Hakuwahi kupasua kwa kamera wala skrini. Aliacha hospitali na, zaidi ya hospitali, wauguzi waliowafundisha wauguzi wengine. Hiyo ndiyo hazina ambayo kila mbinu mpya, hata iwe na matundu madogo kiasi gani, italazimika kuitegemea.