Gregor Mendel, Padri Aliyehesabu Njegere

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare kila mkulima ajua ya kuwa mbegu hazifanani: mpunga mmoja hurefuka, mwingine hubaki mfupi. Lakini urefu huo wapitaje kutoka mmea mzazi hata mmea mtoto? Aliyefumbua jambo hilo alikuwa padri, mwana wa mkulima.

Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi iitwayo leo Ucheki. Jamaa yake walikuwa maskini. Dada yake mdogo alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ndoa yake, ili kaka yake asome. Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino mjini Brno, na mwaka 1847 akapewa upadri. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu, wala hakukata tamaa.

Toka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Kwanza alizijaribu mbegu miaka miwili, apate hakika kwamba kila aina huzaa namna yake tu. Tena, hakutwaa mimea ya vimo vyote: alichagua mirefu ipatayo kimo cha mtu, na mifupi isiyopita goti, asije akadanganywa na ile ya katikati. Akatia chavua ya mmoja katika ua la mwingine. Watoto wote wakawa warefu. Lakini katika wajukuu 1,064 alihesabu 787 warefu na 277 wafupi, yaani karibu watatu kwa mmoja. Ufupi haukupotea, ulikuwa umefichika. Kama angalihesabu mimea kumi tu, pengine asingalitambua kanuni hiyo.

Mwaka 1866 kazi yake ilichapwa, nao walioijali walikuwa wachache mno. Akafa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 tu wataalamu waliitambua. Mwaka 1918 Mwingereza Ronald Fisher alionyesha kwamba hata kimo cha watu, chenye vipimo vingi, hufuata kanuni hizo, ikiwa jeni nyingi zashirikiana. Na huko Yangambi, katika Kongo yetu, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba mchikichi wa ganda nene ukichanganywa na usio na ganda, huzaa wenye ganda jembamba na mawese mengi.

Basi, atakaye kuchagua mbegu na afanye vivyo hivyo: ahakikishe aina zake, atenge zilizo mbali kwa kimo, ahesabu nyingi, wala asichoke akikosa sifa.