Bibi Salme na Vitu Vidogo vya Kwao

Wiki iliyopita nyumbani kwangu, hapa Kilindini, palizuka ubishi juu ya kopo. Binti yangu anakwenda Ujerumani kusomea uuguzi, na mamake alikuwa amemtilia sandukuni udi, leso mbili, iliki ya chai na kopo la kutawadhia. Binti akalitoa kopo akisema huko atachekwa. Sikumkemea. Nilimkalisha barazani nikamsimulia maisha ya Bibi Salme, nami nawasimulia nanyi wasomaji.

Seyyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, ambaye bendera yake ilipandishwa hata hapa Mombasa, katika Ngome yetu, mwaka 1837. Mamake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Mtoni palikuwa na hamamu za maji tele, na nguo zikifukizwa udi. Wasichana hawakufunzwa kuandika, lakini Salme alijifunza kwa siri, akinakili maandishi ya msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza, kwani alikuwa amechukua mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa akaitwa Emily, wakaoana, wakenda Hamburg. Hukumu ya hayo ni ya Mola. Mimi nasimulia aliyoyakuta.

Alikuta baridi ambayo mwili wake haukuijua. Alikuta milango imefungwa mchana kutwa, naye amelelewa katika nyumba isiyokauka wageni. Alikuta vyakula alivyovishuku, asije akala nguruwe. Hamburg ya siku zile haikuwa na msikiti, basi hakusikia adhana ya kumjulisha kuwa kumekucha au jua limekuchwa. Na lugha ya watu wale alikuwa hajaijua.

Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alipata ajali ya tramu akafa, akamwachia watoto watatu, mkubwa wao hajatimiza miaka mitatu. Bibi Salme akawa akifundisha Kiarabu kupata riziki. Mwaka 1886 alitoa kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake, na humo ameeleza kwa urefu mapishi, mavazi, manukato na sikukuu za kwao. Miaka ishirini ya ugenini haikumsahaulisha harufu ya nyumba ya mamake.

Alirudi Unguja mwaka 1885 na tena mwaka 1888, lakini urithi aliodai kwa nduguze hakupewa. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Husimuliwa kwamba alikuwa ameweka mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye. Binti ya sultani, na mwisho wa mali yake ni konzi ya mchanga!

Nilimwambia binti yangu kwamba Bibi huyu aliondoka usiku, hakuwa na mama wa kumfungia mizigo. Yeye anaye. Hakunijibu.

Jana, nilipokwenda kulifunga sanduku kwa kamba, nililikuta kopo limerudi mahali pake, limeviringwa ndani ya leso. Nami sikusema neno.