Wasifu wa Vasco da Gama: Nahodha Aliyevushwa na Rubani wa Malindi

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa kidato cha nne wanaofanya mradi wa utafiti kuhusu mabaharia wa kwanza wa Ulaya huanza kwa kusema kwamba Vasco da Gama alivumbua njia ya bahari ya kwenda India. Kauli hiyo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba yeye ndiye nahodha wa kwanza aliyetoka Ulaya, akaizunguka Afrika na kufika India kwa merikebu. Lakini sehemu ya mwisho ya safari hiyo, kutoka Malindi hadi India, ilikuwa njia ya kale. Waswahili, Waarabu, Wasomali na Wahindi walikuwa wakiipita karne nyingi kabla hajazaliwa.

Huenda mwanafunzi wa Iftin akauliza: bahari na mimi wapi na wapi? Kumbuka kwamba maji ya Mto Tana yanayopita Garissa huingia katika Bahari Hindi karibu na Kipini, kaskazini mwa Malindi. Mogadishu nao utautaja katika mradi wako, kwa kuwa mizinga ya nahodha huyu iliufikia.

Kuzaliwa na kupewa kazi

Vasco da Gama alizaliwa Sines, mji mdogo wa bandari nchini Ureno, katika miaka ya 1460. Wakati huo Wareno walikuwa wakitafuta njia ya kufikia pilipili, mdalasini na viungo vingine vya Asia bila kuwategemea wafanyabiashara wa Misri na Venice. Mwaka 1488 Bartolomeu Dias aliipita Rasi ya Tumaini Jema, kisha mabaharia wake wakakataa kuendelea. Mfalme Manuel wa Kwanza akamteua da Gama aimalizie kazi hiyo.

Aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne na watu wapatao 170. Ndugu yake, Paulo da Gama, aliongoza mojawapo ya merikebu hizo, iliyoitwa São Rafael. Waliizunguka Rasi mwezi Novemba, na Machi 1498 wakafika Kisiwa cha Msumbiji. Huko walikuta mji wa Waislamu wenye majahazi na biashara ya dhahabu na vitambaa. Wenyeji na wageni walishukiana, ugomvi ukazuka, na Wareno wakaupiga mji kwa mizinga.

Mombasa na Malindi

Tarehe 7 Aprili 1498 walitia nanga nje ya Mombasa. Mwanzoni walipelekewa kondoo na matunda, lakini habari za Msumbiji zilikuwa zimetangulia. Da Gama aliogopa kutegwa, akaamuru mateka wamwagiwe mafuta ya moto ili waseme wanachojua. Usiku watu wa Mombasa waliogelea kimyakimya ili wakate kamba za nanga, wakagunduliwa. Wareno wakaondoka.

Wiki moja baada ya kufika Mombasa, walikuwa mbele ya Malindi. Hapa mambo yalikuwa tofauti. Mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama na Mombasa, na adui wa Mombasa kwake alikuwa rafiki. Aliwapa wageni chakula na kukutana na da Gama baharini, kila mmoja akiwa katika chombo chake, kwa kuwa nahodha alikataa kushuka pwani. Hata katika urafiki huo hakuacha shaka. Siku zilipopita bila kuletewa rubani, alimzuia mtumishi wa karibu wa mfalme hadi rubani alipoletwa.

Rubani huyo ni nani? Vitabu vya zamani vilimtaja Ahmad ibn Majid, bingwa Mwarabu wa elimu ya bahari. Wanahistoria wengi wa leo hawakubaliani na hilo, na baadhi yao wanaona alikuwa Mgujarati. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba alipatikana Malindi na alizijua nyota na pepo.

Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi lilipokuwa linaanza kuvuma kuelekea kaskazini mashariki. Wakatia nanga karibu na Calicut, India, tarehe 20 Mei. Safari yote ilichukua chini ya mwezi mmoja.

Calicut na kurudi

Mtawala wa Calicut, aliyeitwa Zamorin, alizoea wafanyabiashara wenye dhahabu. Da Gama alitaka kumpa vitambaa, kofia, marijani, mabeseni, sukari, mafuta na asali. Maofisa wa mtawala walizicheka zawadi hizo. Mapatano ya biashara hayakupatikana, na mwishoni mwa Agosti da Gama akaondoka kwa hasira.

Hapa ndipo fundisho kuu la wasifu huu lilipo. Mwezi Agosti kusi bado huvuma. Baharia yeyote wa pwani yetu angengoja kaskazi, ambalo huanza karibu na mwisho wa mwaka na kuvisukuma vyombo kutoka Asia kuja Afrika. Da Gama hakungoja. Alitua kwa muda katika kisiwa kilicho karibu na India, kisha akaingia baharini mwanzoni mwa Oktoba. Upepo ulimkabili au ukakosekana kabisa. Bahari ileile aliyoivuka kwa chini ya mwezi mmoja sasa ilimchukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawashika mabaharia: fizi zilivimba, miguu ikavimba, na watu wengi wakafa.

Tarehe 2 Januari 1499 waliuona Mogadishu. Hawakushuka, waliupiga kwa mizinga wakapita. Siku tano baadaye walifika Malindi, ambako mfalme aliwapa machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, hivyo São Rafael ikachomwa moto kusini mwa Mombasa. Paulo alifariki njiani, katika visiwa vya Azores. Da Gama alifika Lisbon mwaka 1499 akiwa na chini ya nusu ya watu alioondoka nao, akapokewa kama shujaa.

Safari za baadaye na kifo

Mwaka 1502 alirudi na kundi kubwa la merikebu za kivita. Alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Karibu na pwani ya India aliiteka meli iliyokuwa ikirudisha mahujaji kutoka Makka, akachukua mali yao, kisha akaamuru ichomwe moto na watu wakiwa ndani. Wengi waliangamia, wakiwemo wanawake na watoto. Baada ya hapo aliupiga Calicut kwa mizinga.

Mwaka 1524 alitumwa India mara ya tatu, safari hii akiwa mwakilishi wa mfalme. Aliugua na kufariki Cochin tarehe 24 Desemba mwaka huohuo. Mwili wake ulipelekwa Ureno miaka kadhaa baadaye.

Athari kwa pwani yetu

Njia aliyoifungua ilifuatwa na majeshi. Mwaka 1505 Wareno waliteka na kupora Kilwa na Mombasa. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu, wakaishika Mombasa hadi walipofukuzwa na Waomani mwaka 1698. Malindi, uliowapokea kwa mikono miwili, haukupata faida ya kudumu. Wareno walipohamia Mombasa, biashara na mtawala wa Malindi vilihamia huko pia, mji ukadhoofika. Nguzo ya Vasco da Gama ingali Malindi, juu ya mwamba ufukweni. Rubani aliyemvusha hana nguzo.

Sifa zake

Jasiri: Alivuka bahari ambazo hakuna merikebu ya Wareno iliyokuwa imezivuka.
Mwenye shaka: Alikataa kushuka Malindi ingawa alikaribishwa vizuri.
Mkatili: Aliwatesa mateka Mombasa na kuwachoma mahujaji baharini.
Mwenye kiburi: Alidharau majira ya pepo, na watu wake wakalipa kwa maisha yao.

Zingatia: Usimwite shujaa tu wala jambazi tu. Toa hoja, kisha uithibitishe kwa tukio na tarehe. Ukitumia neno "kuvumbua", eleza ni nani ambaye hakuijua njia hiyo hapo awali.

Maswali ya marudio

1. Eleza sababu mbili zilizofanya Malindi impokee Vasco da Gama ilhali Mombasa ilimkataa. (alama 4)
2. Linganisha safari ya kwenda Calicut na ya kurudi, ukionyesha umuhimu wa kusi na kaskazi. (alama 6)
3. "Mafanikio ya Vasco da Gama yalitegemea elimu ya watu wa Bahari Hindi." Jadili. (alama 20)
4. Mradi: Andika wasifu wa ukurasa mmoja wa safari ya mwaka 1498 kwa mtazamo wa rubani wa Malindi. Tofautisha wazi mambo yaliyothibitishwa na yale unayoyabuni.