Priya Ramrakha: mpiga picha wa Nairobi aliyefanya barabara kuwa studio

Tarehe 2 Oktoba 1968, karibu na mji wa Owerri huko Nigeria, risasi ilimpata kijana wa miaka 33 aliyekuwa na kamera mikononi. Hakuwa askari, na wala hakuwa Mnigeria. Alikuwa mzaliwa wa Nairobi, mtoto wa familia ya Kihindi iliyokuwa imeweka mizizi Kenya, na jina lake lilikuwa Priya Ramrakha. Dakika zake za mwisho zilinaswa na kamera ya televisheni ya Marekani, na watu wa nchi ya mbali wakaziona wakiwa sebuleni. Lakini picha alizokuwa amezipiga yeye mwenyewe kwa miaka karibu 15, picha za sura za watu wetu wa Afrika Mashariki, nyingi zilikaa gizani kwa miaka kama 40.

Msikilizaji wa Rubafu, Kanyigo au Muleba anaweza kuuliza: huyu anatuhusu nini? Anatuhusu kwa sababu leo karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, na sisi wenyewe ndio wapiga picha wa harusi, wa kipaimara, wa misiba na wa kilabu cha mpira. Zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa ni kazi ya watu wachache, na swali la nani ampige nani picha, na ampige akiwa katika hali gani, lilikuwa swali zito. Maisha ya Ramrakha yote yamezunguka swali hilo.

Alizaliwa mwaka 1935. Mjomba wake, Girdhari Lal Vidyarthi, alikuwa mwenye kiwanda cha uchapishaji na mwanzilishi wa gazeti la Colonial Times, lililoanza Nairobi mwaka 1933. Usidanganyike na jina hilo, kwani gazeti lenyewe liliwakera wakoloni. Lilidai haki za Wahindi na pia za Waafrika, na Vidyarthi akashtakiwa kwa uchochezi na kufungwa jela. Kiwanda hichohicho kilichapa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Kwa hiyo Priya alikulia mahali ambapo harufu ya wino na habari za kesi za uchochezi ni mambo ya kila siku. Alipoanza kupiga picha akiwa bado kijana, alikuwa na gazeti la nyumbani la kuzichapisha.

Ili kuelewa uzito wa kazi yake, lazima uijue Nairobi ya miaka ya 1950. Jiji lilikuwa limegawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa vilima vyenye miti na hewa nzuri. Wahindi walikaa Ngara, Parklands na Eastleigh. Waafrika walikaa mashariki, Pumwani, Kaloleni, Bahati, Shauri Moyo, kwenye nyumba za kubanana, na kutembea kwao kulihitaji vibali. Mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Aprili 1954 askari waliuzunguka mji mzima wa Nairobi na kuwakamata makumi ya maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Walipangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa gunia kichwani, na wengi wakapelekwa kambini bila kesi.

Picha za wakati huo zilizosambazwa duniani zilitoka zaidi kwa serikali na kwa wapiga picha wa Kizungu. Mwafrika alionekana ndani yake kama mshukiwa, mikono juu, au kama umati usio na majina. Ramrakha alikuwa na umri wa miaka 17 hali ya hatari ilipoanza. Alitembea katika jiji hilo hilo na kuwapiga watu picha zilizowaonyesha kuwa watu: wakikamatwa na kupekuliwa, ndiyo, lakini pia wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Zaidi ya gazeti la mjomba wake, picha zake zilitokea pia katika jarida la Drum, lililosomwa na Waafrika wengi wa mijini. Kijana wa Kihindi mwenye kamera mtaani hakuwa na ulinzi wa rangi nyeupe, na familia yake ilikuwa tayari inajulikana polisi. Hilo lisipite bila kutajwa.

Sasa tuzungumze kidogo kuhusu mwanga, maana hapa ndipo wenye simu watafaidi.

Studio nyingi za enzi hizo zilikuwa na pazia lililochorwa bustani au ngazi za jumba la kifahari, kiti, na taa. Mteja alikaa wima bila kupepesa macho. Haikuwa picha mbaya, na wazee wetu wengi tunawajua kwa picha hizo tu. Hata bila taa mafundi wengine walifanya maajabu: kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 na kuwapiga watu picha uani, kwa mwanga wa jua tu, shuka lake la kitandani likiwa pazia. Lakini hata Keïta alimleta mtu kwake. Mpiga picha wa gazeti kama Ramrakha alilazimika kumfuata mtu alipo, na kuta za jiji, baraza za maduka, vituo vya mabasi na vivuli vya miti vikawa ndiyo pazia lake.

Kilichowezesha hilo ni vifaa. Kamera ndogo za mkanda wa milimita 35 zilitosha mkononi na zilipiga picha 36 bila kubadilisha mkanda. Mwaka 1954 kampuni ya Kodak ilitoa mkanda wa Tri-X kwa kamera hizo, mkanda mwepesi kunasa mwanga, uliokubali hata kivuli kizito au saa za jioni. Mpiga picha hakuhitaji tena kumwambia mtu asimame kama nguzo.

Hata hivyo jua lilibaki kuwa jua. Nairobi na Bukoba ziko karibu mstari mmoja, digrii moja na kidogo kusini mwa Ikweta. Tofauti ni kwamba Bukoba iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua letu linachomoza kama dakika 20 baada ya la kwao. Kwa wote wawili, jua la mchana linakaa utosini. Yeyote aliyewahi kupiga picha saa saba mchana kwenye mwalo wa Rubafu anajua matokeo yake: paji la uso linang'aa, macho yanageuka mashimo mawili meusi, na mwenye ngozi nyeusi anapoteza nusu ya sura yake. Kosa si la ngozi wala si la simu. Mwanga unatoka juu, na nyusi zinatia macho kivuli.

Dawa ya kwanza ni kivuli chenye uwazi mbele. Unamsimamisha mtu chini ya baraza au ukingoni mwa mgomba, mgongo wake ukielekea gizani na uso ukielekea nje kwenye anga. Mwanga unaomfikia hapo umekwisha kulainishwa, unaingia kwenye macho. Dawa ya pili ni ukuta mweupe au ardhi yenye mchanga mweupe, ambavyo hurudisha mwanga kutoka chini na kujaza vile vivuli vya macho. Ya tatu ni saa yenyewe: kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi hadi saa tatu, na tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Sisi wa mwambao wa ziwa tuna bahati, kwa kuwa jua la asubuhi linatokea upande wa maji na hakuna kilima cha kulizuia. Ukiipiga picha kwa simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo ili simu ipime mwanga wa uso, si wa anga. Wenzetu wa miaka ya 1950 walifanya hesabu hiyo kichwani, na hawakuona matokeo mpaka mkanda usafishwe.

Turudi kwa Ramrakha. Mpiga picha wa jarida la Life la Marekani, Eliot Elisofon, ambaye alisafiri sana Afrika, aliiona kazi ya kijana huyu na kumsaidia kupata nafasi ya kusoma katika chuo cha sanaa cha Art Center, Los Angeles. Akaenda. Kule hakujifungia darasani. Wamarekani weusi walikuwa wakiandamana kudai haki zao, na kijana aliyetoka katika jiji lililogawanywa kwa rangi hakuhitaji kufafanuliwa alichokuwa akikiona. Aliwapiga picha Martin Luther King na Malcolm X. Watu wanaofikiri kwamba Mwafrika huenda Ulaya na Marekani kupigwa picha tu wangeshangaa kuona kwamba huyu alikwenda kuwapiga.

Alirudi nyumbani wakati Kenya inapata uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Mwingereza ilishushwa Nairobi, na mwezi mmoja baadaye, Januari 1964, Zanzibar ikapinduka. Ramrakha alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa kazi na majarida makubwa ya Marekani, Time na Life, na kazi hiyo ilimpeleka kwenye matukio makubwa ya miaka ile. Alipiga picha viongozi wapya, akina Jomo Kenyatta na Tom Mboya, na alipiga pia watu wa kawaida waliokuwa wakijaribu kuelewa uhuru huu umewaletea nini.

Hapa nitasema ninavyoona mimi. Picha za viongozi tunazo nyingi, na nyingi zinafanana: suti, kipaza sauti, mkono juu. Thamani ya mtu kama Ramrakha iko zaidi katika zile sura ambazo hakuna aliyeagiza zipigwe. Mtu aliyesimama mtaani, akijua kamera iko hapo, akaamua mwenyewe aonekane vipi. Serikali ya kikoloni ilizihitaji sura za watu kwa ajili ya vitambulisho na mafaili ya polisi, na mtu hakuulizwa. Ni sura ileile, jua lilelile, lakini picha hizo mbili zinasema mambo mawili tofauti kabisa kuhusu mwenye sura.

Mwaka 1968 haukuwa mwema kwa watu wa jamii yake. Maelfu ya Wahindi waliondoka Kenya mapema mwaka ule kwenda Uingereza, kabla ya sheria mpya ya Waingereza kuwafungia mlango. Yeye aliendelea kufanya kazi barani Afrika. Vita vya Biafra vilikuwa vimeanza Julai 1967, na njaa ilikuwa ikiua watoto. Septemba 1968 majeshi ya serikali ya Nigeria yaliuteka mji wa Owerri. Ramrakha alikuwa na waandishi wenzake katika msafara wa askari wa serikali waliposhambuliwa kwa kuvizia na wapiganaji wa Biafra. Alipigwa risasi. Mwandishi wa televisheni ya CBS, Morley Safer, alikuwa pamoja naye na alijaribu kumtoa pale chini ya milio ya bunduki. Haikusaidia.

Baada ya hapo jina lake lilififia. Si kwamba picha zilichomwa au kuibwa. Zilihifadhiwa, na kuhifadhiwa nako kuna namna yake ya kusahaulisha. Zilikaa Nairobi katika gereji, ndani ya maboksi, wakati nchi ikizeesha na kuzika watu waliokuwa ndani yake. Atakayesikia hili afikirie boksi la picha lililo juu ya kabati la bibi yake, au simu ya zamani iliyokufa betri ikiwa na picha za miaka mitano ndani.

Aliyezifuatilia ni ndugu wa ukoo wake, mtengenezaji filamu Shravan Vidyarthi. Alitengeneza filamu kuhusu maisha yake, na kazi ya kuzitafuta na kuzipanga zile picha ikaendelea kwa miaka. Mwaka 2018, miaka 50 tangu Owerri, kilichapishwa kitabu kikubwa cha picha zake, kilichohaririwa na Vidyarthi pamoja na mtaalamu wa historia ya picha za Afrika, Erin Haney. Humo mna Nairobi ya hali ya hatari na ya uhuru, Marekani, na vita, na mna sura nyingi za watu waliosimama barabarani kwenye jua la asubuhi, ambao huenda wajukuu wao wako hai na hawajui kwamba picha hizo zipo.