Sayyid Barghash bin Said: Enzi, Neema, Ustawi na Upeo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Watu wa pwani wakiutaja wakati mwema uliopita hutumia maneno manne, na wengi huyachanganya. Enzi ni nguvu za mwenye kutawala. Neema ni wingi wa riziki. Ustawi asili yake ni kusimama sawasawa, kama mmea uliokomaa juu ya shina lake. Upeo ni pale jicho linapokoma. Katika khabari za Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, kila neno lina mahali pake.

Barghash alikuwa mwana wa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Baba yake alipokufa baharini mwaka 1856, akitoka Maskati, yeye alikuwamo chomboni. Kiti cha Unguja akakipata nduguye, Sayyid Majid. Mwaka 1859 Barghash akaasi. Waingereza wakamsaidia Majid, naye akashindwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili. Majid alipokufa mwezi wa Oktoba 1870, Barghash akatawala. Hiyo ndiyo enzi.

Lakini enzi ilitangulia, neema ikachelewa. Mwezi wa Aprili 1872 ilikuja tufani kubwa, ikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mwezi wa Juni 1873 Waingereza wakamlazimisha kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko lao likafungwa. Kisha neema ikarudi kwa karafuu za Pemba, ambako tufani haikudhuru sana, na kwa pembe za ndovu zilizoshuka kutoka Unyamwezi na nchi za bara mabegani mwa wapagazi. Wala haifai kusahau ya kwamba karafuu zile zilichumwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa wenyewe haukuondolewa Unguja mpaka mwaka 1897. Neema ya huyu ilikuwa taabu ya yule.

Mwaka 1875 alisafiri hata Uingereza na Ufaransa, akaona mengi. Katika miaka ya utawala wake akavuta maji ya chemchemi kwa mfereji mpaka mjini, maskini na tajiri wakanywa. Akanunua marikebu za moshi. Akaweka matbaa, vikapigwa chapa vitabu vya dini na sheria kwa Kiarabu. Mwaka 1883 ikasimama Beit al-Ajaib mbele ya bahari. Yeye alikuwa Ibadhi, na juu ya hayo Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mwanachuoni wa Kishafii, alikuwa kadhi na mjumbe wake. Huo ndio ustawi.

Na ndani ya ustawi huo palikuwa na ufa. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani kwa amri yake, kwa sababu ya mabishano ya madhehebu. Ilimu iliyotunzwa kwa hiari ya mtu mmoja yaweza kufungwa kwa hasira ya mtu huyo huyo.

Upeo ulipofikiwa, kushuka kukaanza. Mwaka 1884 Wadachi wakaanza kuchukua mikataba bara. Mwaka 1885 manowari zao zikatia nanga mbele ya jumba lake. Mwaka 1886 wao na Waingereza wakakubaliana kumwachia visiwa vyake na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Akafa mwezi wa Machi 1888. Nduguye, Sayyid Khalifa, alipotawala, Sheikh Ali akafunguliwa.

Jumba la Marhubi liliungua mwaka 1899. Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja mwaka 2020. Lakini mji uliendelea kunywa maji yale baada ya mwenye kuyavuta kuzikwa, na vitabu vya matbaa yake vilibaki mikononi mwa wasomaji. Basi asemaye kwamba wakati fulani ulikuwa mwema, na apambanue: enzi huzikwa na mwenyewe, neema hupanda na kushuka, na upeo haukaliki. Kilichostawi ni kile kisimamacho juu ya shina lake baada ya mpanzi kuondoka.

Wallahu aalam.