Joy Adamson: Mchoraji aliyefunikwa na umaarufu wa simba wake

UPANDE wa kusini wa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, ipo nyumba moja isiyo na makuu iitwayo Elsamere. Mbele yake pana uwanja wa nyasi unaoteremka hadi karibu na maji. Juu ya migunga huruka mbega weusi kwa weupe, na usiku viboko hutoka ziwani kuja kujilishia majani uani.

Wengi wa wageni wanaofika hapo huvutwa na habari za simba. Wamesoma kitabu au kutazama filamu kuhusu Elsa, yule simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarudishwa mwituni. Hata hivyo, Elsa hakuwahi kukanyaga Elsamere. Alikufa miaka kadhaa kabla ya nyumba hiyo kununuliwa na waliomlea.

Waingiapo ndani, wageni hao hulakiwa na rangi: maua ya porini, majani na sura za watu, vyote vikiwa kazi ya mkono wa mama mwenye nyumba. Hapo ndipo wengi hutambua kwamba Joy Adamson alikuwa mchoraji kwa muda mrefu kabla hajawa mlezi wa simba, na kwamba sehemu kubwa ya hazina aliyoiachia Kenya imo katika karatasi na rangi za maji.

Safari kutoka Ulaya

Joy alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo huitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Czech. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Victoria Gessner.

Familia yao ilikuwa na uwezo, lakini wazazi walitengana akingali mtoto, na nyanya yake akachukua sehemu kubwa ya malezi. Katika ujana wake alitamani kuwa mpiga piano. Alijifunza muziki, akajaribu uchongaji, ufuaji wa madini na ushonaji, kisha akaanza kujiandaa kwa masomo ya udaktari. Hakukaa sana katika fani yoyote kati ya hizo. Alikuwa mtu wa kutafuta, asiyetulia.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara Myahudi. Wakati huo wingu la Wanazi lilikuwa likitanda Ulaya, na mume wake akawaza kuhamia mbali. Mwaka 1937 alimtuma mkewe Kenya aende kuitazama nchi hiyo kama ingewafaa kwa makazi. Melini, bibi huyo alikutana na mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Peter Bally. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Huyu ndiye aliyempa jina la Joy, yaani Furaha, na jina hilo likamganda hadi kufa.

Brashi na maua ya porini

Kazi ya Bally ilikuwa kukusanya mimea na kuikausha kwa ajili ya utafiti. Tatizo la kazi hiyo linafahamika kwa yeyote aliyewahi kubana ua kati ya kurasa za kitabu: likikauka, umbo hubaki lakini rangi huondoka. Zambarau hugeuka kahawia, na manjano hufifia. Mtaalamu wa baadaye hawezi kujua ua lile lilionekanaje lilipokuwa hai.

Joy alianza kuziba pengo hilo. Katika safari ya utafiti kwenye milima ya Chyulu mwaka 1938, alichukua rangi za maji akajaribu kuchora maua yaliyokuwa yakikusanywa. Hakuwa amesomea uchoraji wa mimea. Alijifunza kambini, kwa ua mbichi lililowekwa mbele yake. Ilimbidi kufanya haraka, kwani ua lililochumwa porini halimsubiri mchoraji, lakini pia alihitaji kuwa makini, kwa sababu petali au unyuzi mmoja ukikosewa, picha haina faida kwa mwanasayansi.

Alizunguka milima na nyanda za nchi hii, akachora mamia ya mimea. Michoro yake ilipamba vitabu kadhaa vya mimea ya Afrika Mashariki, kikiwemo kile cha kilimo cha bustani kilichohaririwa na Jex-Blake, ambacho wenye nyumba wengi walikitegemea walipotaka kupamba nyua zao. Mwaka 1947, Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Mwanamke aliyeanza kuchora kwa kujifundisha mwenyewe sasa alitambuliwa jijini London.

Kufikia wakati huo, maisha ya nyumbani yalikuwa yamebadilika tena. Ndoa yake na Bally ilivunjika, na mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyesimamia eneo kubwa la kaskazini mwa Kenya akiwa na makao yake Isiolo.

Sura za jamii za Kenya

Kuishi kaskazini kulimkutanisha Joy na watu ambao mavazi na mapambo yao yalimvutia jinsi maua yalivyomvutia awali. Aliona pia kwamba mambo hayo yalikuwa yakipotea upesi. Shule, makanisa, miji na ajira vilileta kaptura na kanzu za pamba. Ngozi zilizoshonwa kwa ustadi, shanga, vilemba vya manyoya na mapambo ya masikio viliwekwa kando au kuuzwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kandarasi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa. Alisafiri na turubai, mbao za kuchorea na masanduku ya rangi kutoka Pwani hadi nyanda za magharibi, na kutoka Bonde la Ufa hadi mipaka ya kaskazini. Alichora wazee wa baraza, waganga, mashujaa, maharusi na vijana waliotoka jandoni. Idadi ya picha hizo ilipita 500.

Haikuwa kazi nyepesi. Aliyekubali kuchorwa alilazimika kuketi kwa saa nyingi bila kujitikisa. Mavazi mengine yalikuwa yamefichwa kwa sababu za imani na hayakutolewa ovyo mbele ya mgeni. Zaidi ya hayo, mwaka 1952 hali ya hatari ilitangazwa nchini, na sehemu kubwa ya Kenya ikawa katika vita vya kupigania ardhi na uhuru.

Jambo hili ndilo linalofanya kazi hiyo izue mjadala hadi leo. Upo upande unaoiona kama zao la ukoloni: mzungu akilipwa na serikali ya wazungu kuwachora Waafrika kama vitu vya makavazi, huku Waafrika wenyewe wakifungwa kambini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini upo pia ukweli mwingine usiopingika. Mengi ya mavazi hayo hayapo tena, na wajukuu wanaotaka kujua mababu zao walivalia nini siku ya harusi au ya kutawazwa hawana budi kurejelea picha hizo. Kamera za siku zile zilitoa zaidi picha nyeusi na nyeupe. Joy aliacha rangi yenyewe ya ushanga.

Michoro hiyo ilibaki nchini na mingi imehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Kitabu chake kuhusu jamii za Kenya kilichapishwa mwaka 1967.

Elsa aja, brashi yawekwa kando

Februari 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu wachanga. Aliwapeleka nyumbani. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo zaidi, Elsa, alibaki.

Yaliyofuata yanajulikana duniani kote. Badala ya kumfungia Elsa, wawili hao walimfundisha kuwinda na kujitegemea, wakamwachilia katika eneo la Meru. Alipata mwenza mwituni na kuzaa. Kitabu cha Joy kuhusu kisa hicho, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na filamu ikafuata mwaka 1966. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Umaarufu huo ulikuwa kama mafuriko. Mchoraji wa maua akasahauliwa, akabaki mama wa simba. Fedha nyingi za mauzo ya vitabu alizielekeza katika hazina ya kuhifadhi wanyamapori aliyoianzisha kwa jina la Elsa.

Mkono wavunjika

Mwaka 1969 Joy alipata ajali ya gari iliyomjeruhi vibaya mkono wa kulia. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa lakini mkono haukurudia hali yake. Kwa mtu aliyekuwa ameishi kwa piano na brashi, hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko yote. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Joy aliendelea kuandika vitabu, lakini uchoraji wa aina ile ya zamani, wa nyuzi na petali, ukawa umekwisha.

Ni katika kipindi hicho cha maisha ndipo Elsamere ilipokuwa makao yake. Kuta zake zilibeba alichochora mkono ungali mzima, na uani aliwatazama mbega na ndege wa ziwa kwa subira ileile aliyoitumia kutazama maua. Ndoa yake na George haikuwa imevunjika, ila kila mmoja aliishi kwake: George akiwa Kora na simba zake, naye Naivasha.

Waliomfahamu hawakumwona kama malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, mgumu kwa wafanyakazi, na mara nyingi mpweke. Watoto aliowatamani hakuwapata, kwani mimba zake zilitoka.

Kifo cha Shaba

Katika miaka ya mwisho alihamia hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo, kumlea chui aliyeitwa Penny. Jioni ya Januari 3, 1980, siku chache kabla hajatimiza miaka 70, alitoka kambini kutembea kama ilivyokuwa desturi yake, na hakurudi. Mwili wake ulikutwa njiani. Awali ilidhaniwa ameuawa na simba, na habari hiyo ikaenea duniani. Uchunguzi ulionyesha kwamba majeraha yalikuwa ya silaha yenye makali. Kijana aliyekuwa mfanyakazi wake alipatikana na hatia mwaka 1981, na akaepuka kitanzi kwa sababu ya umri wake mdogo. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mnamo Agosti 1989.

Majivu ya Joy yalinyunyizwa Meru, kwenye kaburi la Elsa na la Pippa, duma aliyemlea baadaye. Nyumba ya Naivasha ilibaki kuwa kituo cha mafunzo ya uhifadhi na makumbusho, kama alivyotaka.

Wanafunzi wa shule za Nakuru na Naivasha wanaopelekwa huko huonyeshwa vitu vyake na kusimuliwa habari za Elsa. Wakipata nafasi, wasipite haraka mbele ya picha za maua. Baadhi ya mimea hiyo ingali inaota kando ya vijia vya vijiji vyao, ikikatwa kama magugu kila mvua inapokatika. Joy, mgeni aliyeingia nchini bila kujua jina la hata mmoja wa mimea hiyo, aliona kwamba inastahili kuchorwa jinsi ilivyo na kuhifadhiwa.